Nyumba Isiyopanda Boti

Jirani yangu sokoni Kibuye alikwenda Pwani na chama chake kuona pomboo, na tangu arudi hakuna aliyepata nafasi ya kupumua. Mimi nauza mapazia ya mitumba. Yeye, kushoto kwangu, anauza viatu vya watoto. Kila mama aliyeinama kumjaribisha mtoto kiatu alionyeshwa video. Pomboo wanaruka, chama kizima kinapiga mayowe, simu inatikisika, pomboo wanaruka tena. Akatueleza walivyoamshwa alfajiri, boti ilivyowarusharusha, mweka hazina wao alivyotapika ndani ya kofia yake mwenyewe. Siku ya kwanza nilicheka kweli. Siku ya pili nilicheka kwa adabu. Baadaye nikawa nageuza uso akianza tu kutafuta simu.

"Hata sisi tuko na viboko," nilimwambia asubuhi moja. "Hapa hapa Kisumu. Watu wanatoka Nairobi kuja kuwaona."

"Wewe ushawaona?"

Nikachukua pazia lililokunjwa nikalikunja tena.

"Si ninakuuliza? Umezaliwa hapa, umezeeka hapa. Ushapanda boti hata siku moja?"

"Aliyezeeka ni wewe," nikamjibu, lakini swali lilikuwa limeshaingia.

Sikuwahi kupanda. Nimevuka miaka hamsini, nimezaa, nimelea, nimegombana na askari wa kaunti mpaka wakanizoea, na sikuwahi kuweka mguu ndani ya boti. Mtu wa mbali atadhani niliogopa maji au nilikosa wakati. Ukweli ni kwamba nilikatazwa, nami nikakatazika, na asubuhi ile mbele ya viatu vya watoto nilipandwa na hasira ambayo sikujua ninayo.

Kwetu ni juu kidogo ya Otonglo, kwenye barabara ya Busia. Ukisimama nyuma ya jiko letu unaliona ziwa lote, kuanzia upande wa mji hadi milima ya ng'ambo. Ndugu yangu, yule anayenifuata kwa kuzaliwa, alizama humo akiwa bado kijana. Hakuwa mvuvi. Alikuwa fundi wa redio, mtu wa koleo ndogo na nyaya, na Jumapili hiyo alivuka na wenzake kwenda harusini. Upepo uliwakuta wakirudi. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana tena.

Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kazi ya kutafuta ilimwangukia baba mdogo. Siwezi kumsimulia vibaya kwa hilo. Alitembea ufuo kwa miguu, akauliza kila mahali boti zinapoegeshwa, akalala alipokutwa na giza, akarudi nyumbani amekonda na sauti imemkauka. Alipokata tamaa, wazee wakafanya kama inavyofanywa kwetu mwili unapokosekana. Ulitafutwa mti wa yago, likakatwa tunda lake moja, lile refu na zito linaloning'inia kama soseji kubwa, likafungwa kwa nguo na kulazwa kaburini mahali pa ndugu yangu. Watu walililia tunda. Mimi pia nililia. Huwezi kusimama kando ya kaburi lililo wazi usilie, hata kama unajua kilichomo.

Udongo ulikuwa bado mbichi baba mdogo aliposimama mbele ya waombolezaji akatangaza kwamba nyumba hii na ziwa wamemalizana. Hakuna mtu wa nyumba hii atakayepanda boti tena. Hakuna atakayeoga ziwani, wala kufua, wala kukanyaga maji yake. Ziwa likishachukua mtu kwenu, alisema, linakuwa limeijua njia ya kwenu. Watu wakaitikia. Mama hakuitikia, lakini hakuna aliyemtazama.

Samaki tuliendelea kula. Hilo halikukatazwa, nami nimelifikiria sana. Ziwa lilikuwa likija mezani kwetu kila jioni likiwa limekaangwa na nyanya, tunalishukuru kwa sala, tunalamba vidole, lakini sisi kwenda kwake ni mwiko. Nilipomuuliza baba mdogo, aliniambia niache maneno mengi. Nikayaacha. Watoto wangu walipokuwa shuleni na wenzao wakapelekwa visiwani kwa ziara, wa kwangu walibaki darasani kuchora ramani ya ziwa hilo hilo. Mimi, ambaye hata pasta huniogopa mkutanoni, nilitia saini kwamba wabaki.

Jumamosi moja nilipanda kwenda nyumbani nikiwa na habari za pomboo, nikamsimulia mama kama kichekesho. Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Nilimwigizia yule mweka hazina na kofia yake, nikangoja acheke. Hakucheka. Aliendelea kuchambua, kisha akasema:

"Mimi pia nataka kwenda."

"Pwani, mama? Ni mbali sana kwa mgongo wako."

"Nani amesema Pwani? Ziwani."

Nikadhani nimemsikia vibaya. Akaweka ungo chini.

"Lile tunda nililiona likikatwa," alisema. "Kila mwaka wananiambia nipalilie kaburi, nami napalilia. Nimewahi kukataa? Sijakataa. Lakini mtoto wangu hayuko pale. Yuko kule. Nyinyi wote mnajua yuko kule. Watu wa kila namna wanaenda kule na kamera zao, na mimi mama yake sijawahi kufika. Sasa magoti yamekwisha. Kabla sijaanza kubebwa nataka nifike huko mara moja, nikitembea mwenyewe."

Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayedai kitu chake kilichowekwa kwa jirani. Niliona aibu, kisha nikaona hasira, na hasira ikashinda. Kwa nini mama yangu aombe ruhusa ya kumtembelea mwanawe? Nilimwambia tutaenda. Nilimwambia tutasema tunakwenda kuona viboko, maana hilo ni jambo ambalo mtu yeyote anaweza kwenda kufanya asubuhi, na hakuna atakayetuuliza zaidi.

"Hatusemi hivyo kwa shemeji yangu," mama alisema. "Yeye ataambiwa ukweli. Siendi kama mwizi wa kuku."

Kwa hiyo Jumapili, baba mdogo alipopita kutoka kanisani kunywa chai kama kawaida yake, mama alimwambia yote, kuanzia pomboo hadi viboko, kabla hajakaa vizuri. Baba mdogo alikuwa mtu wa reli hadi alipostaafu, na mpaka leo huzungumza kama anayetangaza treni iliyochelewa. Alisikiliza hadi mwisho. Akaweka kikombe juu ya kitambaa cha meza, polepole sana.

"Nyar Sondu," alisema. Ndivyo anavyomwita, binti wa Sondu, kwa kuwa ndiko mama alikotoka kuja kuolewa. "Nyar Sondu, hiyo maneno tulimaliza kitambo."

"Nani walimaliza?"

"Familia."

"Na mimi siku hiyo nilikuwa wapi?"

Baba mdogo akanigeukia mimi. Nilijua zamu yangu itafika.

"Ni wewe unamwingiza mama yako hii mambo. Ati viboko. Kiboko ni kitu ya kuenda kuangalia? Watu wanaikimbia, wewe unaifuata na nauli?"

"Baba mdogo, watu wote wanaenda."

"Watu wote hawajazika yago!" Sauti yake ilipanda, kisha akaishusha. "Mimi ndiye nilitembea huko kote. Mguu yangu iliisha ngozi. Mimi ndiye nilikuwa nainua kila kitu kwa hiyo maji nikifikiria ni yeye. Si wewe, Nyar Sondu. Mimi."

"Na mimi ndiye nilimzaa, Shemeji," mama alisema. "Si wewe."

Nilitamani mtu aingie kuomba chumvi. Baba mdogo alisimama, chai yake haijafika nusu, akavaa kofia.

"Jumamosi tunakaa kama familia. Nitaita kila mtu. Kabla ya hiyo mkutano, hakuna mtu anaenda mahali."

Alipopotea barabarani, mama alikusanya vikombe. Chai iliyobaki ya baba mdogo aliimwagia mchicha wake.

"Mkutano ni Jumamosi," alisema. "Basi sisi tutaenda Ijumaa."

Alhamisi alishuka mjini akalala kwangu Manyatta. Niliamka kukiwa bado na giza, nikamkuta ameshaoga, amevaa kitenge chake cha harusi za watu, kilemba kimefungwa, yuko kitandani na kikapu mapajani. Ndani ya kikapu kulikuwa na bakuli la nyoyo, mahindi na maharagwe aliyoyachemsha jana yake, na chupa ya chai. Nikamwambia kule ni boti, si matanga, hakuna anayekuja na chakula. Akaniuliza tangu lini nimemwona akienda kwa mtu mikono mitupu. Nikaita tuktuk.

Nilikuwa nimezungumza na kapteni mmoja wa boti kwa simu. Aliniambia tuwahi, jua likishachoma, viboko wanajiingiza kwenye matete na hatutaona kitu. Tulifika ziwani, pale Dunga, anga likiwa linaanza kupauka. Boti za usiku zilikuwa zinarudi na akina mama wa samaki walikuwa tayari wamejaa ufuoni na beseni zao, wakigombania ngege na mbuta kwa sauti za watu walioamka zamani. Kapteni alikuwa mwanamume mpana mwenye koti la mvua, mchangamfu, aliyetuita Mama na Madam bila kubagua. Alitupa majaketi ya kuelea ya rangi ya chungwa. La mama lilimbana juu ya kitenge, akalitazama kifuani mwake akasema afadhali asionwe na mtu anayemjua.

Lakini alionekana. Mama mmoja wa samaki, ambaye huuza pale Otonglo na anaijua nyumba yetu tangu zamani, alitusalimia kwa furaha, akaona jaketi, furaha ikakatika. Alirudi nyuma hatua kadhaa. Kisha akajitenga na wenzake akiwa na simu sikioni. Nilijua vizuri simu ile ilikuwa inaenda wapi.

"Twende haraka," nikamwambia kapteni.

Aliweka ubao kutoka mchangani hadi kwenye boti. Mama alimpa kikapu, akashika bega lake, akapanda. Alipanda kama anavyopanda ngazi ya kanisa, mguu mmoja, pumzi, mguu wa pili. Akaketi katikati alipoambiwa. Nami, niliyepanga yote, niliyezungumza na kapteni, niliyejitia ushujaa mbele ya baba mdogo, nilisimama mchangani na miguu ikakataa.

Sikutegemea. Maji yalikuwa yametulia, yananuka samaki na dizeli, hakuna cha kutisha hata kidogo. Lakini nilimwona ndugu yangu waziwazi akikunja suruali yake kupanda boti ya harusini, na mwili wangu ulikataa kufanya alichofanya yeye. Nilianza kuongea upuuzi, kwamba nimesahau kufunga mlango, kwamba huenda kuna mteja anakuja kuchukua mapazia mapema.

"Unangoja nini?" mama aliuliza kutoka kwenye boti.

"Nakuja."

"Umesema hivyo tangu saa ile."

"Magoti, mama."

"Magoti mabaya ni yangu. Yako ni ya juzi. Njoo hapa."

Alisema kwa sauti ile aliyotumia zamani nilipogoma kudungwa sindano kliniki. Akanyoosha mkono. Sikumtazama kapteni kwa haya. Nilikwenda juu ya ubao nusu nikitambaa, mwanamke mzima wa Kibuye, nikauangukia mkono wa mama. Boti ikayumba, nikapiga ukelele, na akina mama wa samaki wakacheka. Nilifurahi walipocheka.

Kapteni aliwasha injini. Ufuo ulianza kurudi nyuma na mji ukajitokeza kipande kwa kipande, maghala, majengo marefu, mnara wa kanisa. Sikuwa nimewahi kuona Kisumu kutoka upande huo. Ni mji wangu, nimelipia ushuru wake na kugombania nafasi yake, na kila mgeni mwenye kofia ya jua alikuwa ameshauona hivi ila mimi. Nikasema hivyo kwa sauti. Mama akaniambia niache kugombana na mji asubuhi.

Kando ya matete kapteni alizima injini akachukua kasia. "Sasa tunyamaze," alinong'ona. "Wako hapa." Sikuona kitu. Mama ndiye aliyewaona kwanza, akanigusa paja na kidole: masikio mawili madogo juu ya maji, kisha macho, kisha pumzi nzito iliyorusha maji kama mtu anayepuliza supu. Baadaye vichwa vingine. Mmoja alifungua mdomo wote, tukaona rangi yake ya waridi ya ndani na meno yale mabovu, akaufunga taratibu.

"Ndio hawa?" mama aliuliza.

"Ndio hawa, Mama," kapteni alisema kwa fahari.

"Hawa ndio watu wanatoka Nairobi kuwaona?"

"Na hata Ulaya."

Mama aliwatazama sana. Mwenye mdomo akaupanua tena.

"Huyo ni shemeji yangu akingoja chai," alisema.

Nilicheka hadi nikaziba mdomo na jaketi. Kapteni alituomba tafadhali, ile ya nyuma iko na mtoto, na hiyo haipendi kelele hata kidogo. Lakini yeye pia mabega yalikuwa yanamtikisika. Kwa muda ule mfupi tulikuwa kama watu wowote waliokuja kutembea asubuhi, na nilielewa kwa nini jirani yangu hawezi kuiacha ile video yake. Nilipiga ya kwangu. Ilitoka mbaya, viboko wanafanana na mawe.

"Sasa tupeleke mbele," mama alisema.

"Mbele wapi, Mama? Viboko ni hapa."

"Kule kati."

Kapteni alinitazama. Nilifungua mdomo kutunga kitu, lakini mama aliniwahi.

"Mwanangu alizama kule. Hakupatikana. Nimekuja kumwona."

Kapteni aliacha kupiga kasia. Uchangamfu wake wote ulikwenda. Watu wa boti hawapendi kubeba mtu ambaye ziwa limemchukulia wake, hasa kama hakuna kilichofanywa kwanza, hata maombi. Nalijua hilo, na ndiyo sababu kwenye simu sikumwambia.

"Mama, hiyo ungeniambia tukiwa kule nje," alisema.

"Ningekuambia, ungenibeba?"

Kapteni akalilaza kasia ndani ya boti.

"Ndiyo maana sikusema. Sasa nimeshapanda. Nipeleke, au niache hapa na hawa wenye midomo."

Alisugua uso kwa kiganja, akasema kitu kwa Dholuo ambacho hakikuwa matusi wala sala, akawasha injini. Tulikwenda hadi ufuo ukawa mstari tu. Pale simu yangu ililia. Jina la baba mdogo liling'aa kwenye kioo. Mama aliliona, akatazama pembeni, nami nikaizima simu yote nikaisukuma chini kabisa ya mkoba. Kapteni alipozima injini, kilichobaki ni sauti ya maji yakigonga mbao.

Alisema hajui ni mahali gani hasa, hakuna ajuaye. Mama akamwambia haidhuru, maji ni yale yale.

Nilikuwa nimejiandaa kumshika akilia. Hakulia. Alivuta kilemba vizuri, akaweka mikono juu ya ukingo wa boti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wuoda, asebiro." Mwanangu, nimekuja. Kisha akaanza kumpa habari. Alimwambia pasta wa zamani aliyembatiza ameshafariki. Alimwambia paa la nyumba lilibadilishwa, bati ni la rangi nyekundu, halijamfurahisha. Alimwambia wenye redio zao walikuja mmoja mmoja na wote walirudishiwa, isipokuwa ile kubwa ya mbao ambayo mwenyewe hakuja, nayo iko chini ya kitanda chake hadi leo na huifuta vumbi. Alimtajia wapwa waliozaliwa nyuma yake, na shule wanazosoma, na yupi ana mikono kama yake. Alimweleza kuhusu mimi, kwamba nina mdomo mkubwa lakini leo nimepanda boti kwa kutambaa.

Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, na sioni haya kusema hivyo. Nilihesabu moyoni harusi, ubatizo, mitihani, mambo yote ambayo mama alikuwa amemwekea ya kumwambia, yamemjaa miaka yote hiyo nyuma ya jiko akitazama maji. Tulimpa kaburi la kupalilia tukaona tumemaliza.

Habari zilipokwisha, sauti ya mama ilibadilika. Sasa hakuwa anazungumza naye. Alikuwa anazungumza na ziwa, na alilisema kama anavyomsema jirani aliyelishia ng'ombe shambani kwake. Alikuwa ameliogopa, alisema, halafu akalichukia, halafu akachoka. Lilichukua mtoto wake na hakuna mahakama ya kulishtaki. Sawa. Lakini lisidhani limemfukuza. Yeye ni mtu wa Sondu, amekulia kando ya mto, na maji ya kwao yote yanakuja kuishia humu. Atakuja hapa siku akitaka na atarudi nyumbani akitaka. Akainama, akachota maji kwa viganja, akaosha uso. Akachota tena, akaniosha mimi, kamasi na yote.

"Haya," alisema. "Nasikia njaa."

Tukala nyoyo hapo kati. Kapteni alikataa mara ya kwanza kwa adabu, kisha akala zaidi yetu.

Tuliporudi jua lilikuwa limekwishapanda na upepo ulikuwa umeleta magugu maji hadi ufuoni. Yalikuwa yameziba pale tulipopandia, zulia la kijani lenye maua ya zambarau, na boti ilikwama ndani yake tukiwa karibu na nchi kavu lakini ubao haufiki. Na pale mchangani, mbele ya akina mama wa samaki waliokuwa wamesimama kimya na beseni zao, alikuwa baba mdogo. Alikuwa amekuja kwa bodaboda. Kofia ngumu ya abiria ilikuwa bado kichwani mwake, amesahau kuirudisha, na mwenye pikipiki alikuwa anaingoja.

"Wewe!" alimpigia kapteni kelele. "Rudisha hao watu!"

"Si ndio narudisha, Mzee," kapteni alisema.

"Nyar Sondu! Shuka hapo!"

"Kwa kelele sishuki," mama alijibu.

Kapteni alikunja suruali aingie majini ambebe mama mgongoni. Mama akamwambia arudi mahali pake, yeye habebwi, alikuja akitembea na atashuka akitembea. Akaegemea vizuri, kikapu mapajani. Niliketi kando yake. Sikuwa na nia yoyote ya kushuka kabla yake.

Baba mdogo hapo akafunguka. Alisema tumemdharau mbele ya watu. Alisema mkutano wa kesho sasa ni wa nini, awaambie nini wazee aliowaita. Alinitaja mimi na pomboo wangu. Kidole kilikuwa juu, sauti ya kituo cha treni ilikuwa imefika mwisho wake, na alikuwa anatembea huku anasema, kama anavyofanya siku zote akikasirika, hawezi kugombana amesimama mahali pamoja.

"Na hiyo kitu ingepinduka?" alisema. "Eh? Niambie, Nyar Sondu! Ingepinduka, nani angewatafuta? Nani? Mimi niko na mguu gani sasa ya kuwatafuta? Tangu hiyo simu ipigwe nimekuwa nahesabu tu, huyu, na huyu, nitaanzia wapi, nitauliza nani—"

Sauti ilimkatikia. Sijawahi kumsikia hivyo, hata siku ya mazishi. Hasira yangu yote dhidi yake, niliyoifuga bila kujua miaka yote hiyo, ilikosa pa kushika. Magugu yalikuwa yakiachana mbele yake na kujifunga nyuma yake. Alifika kwenye boti, akaukamata ukingo kwa mkono mmoja, akamnyooshea mama mkono wa pili.

"Kuja," alisema. "Kuja, shika mimi. Turudi nyumbani."

Mama hakuushika mara moja. Alimtazama usoni, kisha akateremsha macho polepole kwenye shati, kwenye mkanda, kwenye suruali ya kaki iliyokuwa imelowa hadi juu ya magoti, viatu havionekani kabisa chini ya maji ya ziwa.

"Shemeji," alisema kwa upole, "angalia mahali umesimama."

Baba mdogo akatazama chini. Alitazama kwa muda mrefu, na hakurudi nyuma.